Namna ya Kumpatia Mzazi Mzee Matunzo Nchini Japani

Japani ina watu takriban milioni 36 wenye umri wa miaka 65 na zaidi, ambao ni karibu watatu katika kila watu kumi. Mwaka 2024 walizaliwa watoto takriban 686,000 tu, ilhali waliofariki walizidi milioni 1.6. Takwimu hizi husomwa kila mwaka katika taarifa za habari, lakini anayeujua uzito wake ni yule ambaye mama mkwe wake mwenye umri wa miaka 84, anayeishi peke yake katika mkoa kama Akita ambako wazee wanakaribia asilimia 40 ya wakazi, ameanguka bafuni, na ndugu wote wanamgeukia yeye na mwenzake wakisubiri waambiwe nini kitafanyika. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya msomaji wa Kiswahili aliyeoa au kuolewa Japani, au aliyehamia huko kikazi akawa sehemu ya familia ya Kijapani, na unaeleza mzee hupatiwaje matunzo bila mtu wa familia kulazimika kuacha kazi.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba msaada upo, tena mwingi, lakini haumfuati mtu nyumbani kwake. Asiyeomba hapewi, hata kama mtaa mzima unaijua hali yake. Familia nyingi za Kijapani huchelewa kuomba kwa sababu ya haya, kwa kuwa kwa vizazi vingi kumuuguza mzee kulihesabiwa kuwa wajibu wa mke wa mtoto wa kiume wa kwanza, na kumleta mgeni nyumbani aje kumwogesha mzazi kulionekana kama kumtelekeza. Wewe uliyetoka nje huenda ukawa mtu wa kwanza katika familia hiyo mwenye ujasiri wa kusema kwamba sasa ni wakati wa kwenda manispaa, ingawa neno lenyewe ni vizuri litoke mdomoni mwa mwenzi wako, ambaye ndiye mtoto wa mzee.

Bima yenyewe na nani anaihusu

Sheria ya bima ya matunzo, inayoitwa kaigo hoken, ilipitishwa mwaka 1997 na ikaanza kutumika Aprili 2000. Nusu ya fedha zake hutokana na kodi na nusu nyingine na michango ya wananchi. Kila mkazi aliyetimiza umri wa miaka 40 huchangia, akiwemo mgeni mwenye kibali cha kukaa kwa zaidi ya miezi mitatu, kwa hiyo ukitazama hati yako ya mshahara baada ya umri huo utaliona kato lake. Mwaka 2000 wenye miaka 65 na zaidi walitozwa wastani wa yeni 2,911 kwa mwezi. Katika kipindi cha 2024 hadi 2026 wastani huo umefika yeni 6,225, na hakuna anayetarajia kwamba utashuka. Mwenye miaka 65 na zaidi anaweza kuomba huduma kwa sababu yoyote inayomfanya ahitaji msaada. Mwenye miaka 40 hadi 64 huruhusiwa tu ikiwa hali yake imesababishwa na moja ya maradhi 16 yaliyotajwa kisheria, yakiwemo kiharusi, ugonjwa wa Parkinson na saratani isiyotibika.

Hatua ya kwanza: kituo cha mtaa

Usianzie hospitali wala kwenye makao ya wazee. Anzia katika kituo cha ushauri cha eneo analoishi mzee, kinachoitwa chiiki hokatsu shien senta, ambacho kwa kawaida huhudumia eneo linalolingana na la shule moja ya sekondari ya chini. Vituo hivi vilianzishwa mwaka 2006, na ndani yake kuna muuguzi wa afya ya jamii, ofisa wa ustawi wa jamii na mratibu mwandamizi wa matunzo. Ushauri hautozwi chochote, na mtoto anayeishi Osaka anaweza kukipigia simu kituo cha mzazi aliye Akita. Iwapo mzee amelazwa, mfanyakazi wa ustawi wa jamii wa hospitali ndiye wa kuonana naye mara moja, kwa sababu hospitali za Japani hupanga tarehe ya kumruhusu mgonjwa mapema kuliko familia inavyotarajia, na ni heri maombi yawe yametumwa kabla ya tarehe hiyo.

Maombi hupelekwa katika ofisi ya manispaa anakoishi mzee, pamoja na kadi yake ya bima ya matunzo ambayo alitumiwa alipofikisha miaka 65. Kadi hiyo mara nyingi imesahaulika kwenye droo, na ikipotea hutolewa nyingine. Familia inaweza kuomba kwa niaba yake, na kituo cha mtaa pia kinaweza. Fomu inahitaji jina la daktari anayemhudumia siku zote, kwa kuwa manispaa humwandikia daktari huyo ikitaka maoni yake kuhusu mgonjwa. Mzee anayejivunia kwamba hajaonana na daktari kwa miaka kumi atafutiwe daktari kwanza.

Siku ya mahojiano

Baada ya maombi, manispaa hutuma mtu nyumbani au hospitalini kumpima mzee kwa maswali 74, na hapa ndipo familia nyingi hupoteza daraja la msaada walilostahili. Mpimaji humtazama mzee akijigeuza kitandani, akiinuka, akisimama kwa miguu miwili na kisha kwa mguu mmoja. Humuuliza jina lake, tarehe yake ya kuzaliwa, tupo majira gani ya mwaka, na hapa ni mahali gani. Humwonyesha au kumtajia vitu vichache, kisha baada ya muda humuuliza alivyovishika kichwani. Sasa fikiria bibi aliyelelewa asiwasumbue watu. Asubuhi hiyo ameamka mapema, amepaka poda, ameketi wima juu ya tatami, mkeka wa Kijapani. Anaulizwa kama anapika mwenyewe anajibu ndiyo, anaulizwa kama anaoga mwenyewe anajibu ndiyo bila shida, na anamwandalia mgeni chai kwa mikono inayotetemeka kidogo tu. Mgeni akiondoka, bibi analala hadi jioni kwa uchovu. Kwenye fomu ameandikwa kuwa ni mtu anayejiweza.

Kwa sababu hiyo ni lazima mtu wa familia awepo, na awe na karatasi aliyoiandaa kabla. Andika ndani yake mambo yaliyotokea kweli, kwa tarehe: sufuria iliyoungua, mara alizoanguka, siku alizokojoa kitandani, usiku alioamka mara tatu akimtafuta mume aliyefariki zamani. Usiandike kwamba mama anasahau sana. Andika kwamba Jumanne alinunua maziwa mara tatu. Usimsahihishe mzee mbele ya mgeni, kwa maana aibu hiyo haitasahaulika nyumbani. Mkabidhi mpimaji karatasi mlangoni anapoondoka, au omba mzungumze pembeni. Wapimaji wamelizoea jambo hili na hawalichukui kama ujanja.

Majibu huingizwa kwanza katika kompyuta inayokadiria muda wa matunzo anaouhitaji mzee, halafu jopo la wataalamu hulipitia kadirio hilo pamoja na maoni ya daktari. Sheria inataka uamuzi utolewe ndani ya siku 30, ingawa mara nyingi huchelewa. Kuchelewa huko kusikutishe sana, kwa kuwa uamuzi ukitoka huhesabiwa kuanzia siku ya maombi, na huduma za dharura zinaweza kuanza kabla.

Madaraja na fedha

Kuna madaraja saba: mawili ya msaada mwepesi, yaani yoshien 1 na 2, na matano ya matunzo, yaani yokaigo 1 hadi 5. Kila daraja lina kikomo cha huduma kwa mwezi, na kikomo hicho huhesabiwa kwa pointi, ambayo katika sehemu nyingi za nchi ina thamani ya yeni 10 na katika miji mikubwa huzidi kidogo. Yoshien 1 ina pointi 5,032, yaani huduma za takriban yeni 50,000. Yokaigo 3 ina pointi 27,048, na yokaigo 5 ina 36,217. Familia hulipa asilimia 10 ya gharama, na mzee mwenye kipato kikubwa hulipa asilimia 20 au 30. Kinachozidi kikomo hulipwa chote mfukoni. Ikiwa malipo ya mwezi yamepita kiwango fulani, ambacho kwa kaya nyingi za kipato cha kawaida ni yeni 44,400, ziada hurudishwa. Nayo pia lazima iombwe.

Ukiona daraja lililotolewa ni dogo kuliko hali halisi, unaweza kukata rufaa mkoani ndani ya miezi mitatu. Kwa maoni yangu njia hiyo ni ndefu mno kwa mtu mwenye mgonjwa ndani. Ni afadhali kuomba upimaji mpya kwa sababu hali imebadilika, jambo linaloruhusiwa wakati wowote.

Mratibu wa matunzo na ratiba ya wiki

Mzee aliyepewa daraja la matunzo hutafutiwa mratibu, anayejulikana kama kea maneja, ambaye hupanga huduma na kuzifuatilia kila mwezi. Familia hailipi chochote kwa kazi yake, kwa kuwa bima humlipa kikamilifu. Kwa madaraja mawili ya msaada mwepesi, kazi hiyo husimamiwa na kituo cha mtaa. Manispaa itakupa orodha ya ofisi za waratibu bila kukushauri uchague ipi. Piga simu katika ofisi mbili au tatu, uliza mratibu alikuwa na taaluma gani awali, kwa kuwa wengi walikuwa wauguzi au wahudumu wa wazee, kisha chagua kulingana na shida ya mzee wako. Msipoelewana una haki ya kumbadilisha, na katika nchi ambayo watu huogopa kukatishana tamaa, haki hii haitumiki kama inavyopaswa.

Uti wa mgongo wa ratiba kwa familia nyingi ni huduma ya kutwa, dei sabisu. Asubuhi gari dogo husimama mlangoni, mhudumu humshika mzee mkono hadi kwenye kiti, na huko anakopelekwa hupimwa presha, huogeshwa, hula chakula cha mchana, hufanya mazoezi na kurudishwa jioni. Kuoga pekee kunatosha kuwa sababu ya kuikubali: beseni la Kijapani lina kina kirefu, maji yake ni ya moto sana, na idadi ya wazee wanaofia humo, hasa majira ya baridi, inazidi ya wale wanaokufa katika ajali za barabarani. Wanaume hukataa dei sabisu mara nyingi zaidi, wakisema hawataki kuimbishwa nyimbo kama watoto. Usibishane. Zipo dei sabisu za nusu siku zenye mazoezi tu, na mzee aliyekuwa fundi au mwalimu huenda akakubali akiambiwa na daktari wake kwamba ni sehemu ya tiba.

Mhudumu anayekuja nyumbani humsaidia mzee kula, kujisaidia, kuvaa na kufanya usafi, lakini kazi yake ina mipaka ambayo wengi huilalamikia bila kuijua. Haruhusiwi kufua nguo za watu wengine wa nyumbani, kung'oa magugu bustanini, kumtembeza mbwa wala kufanya usafi mkubwa wa mwisho wa mwaka. Usimwombe, kwa kuwa utamweka katika hali ngumu. Wahudumu wenyewe ni wachache: wizara ya afya inakadiria kwamba ifikapo mwaka 2040 Japani itahitaji wahudumu wapatao 570,000 zaidi ya waliokuwepo mwaka 2022. Ndiyo maana utawakuta wengi waliotoka Vietnam, Indonesia, Ufilipino na Myanmar, na tangu Aprili 2025 hata wageni wenye kibali cha kazi cha ujuzi maalumu wanaruhusiwa kutoa huduma majumbani kwa masharti.

Omba pia kukodishiwa vifaa. Kitanda cha umeme na kiti cha magurudumu hupatikana kwa kawaida kuanzia yokaigo 2. Vile vinavyogusa mwili, kama kiti cha bafuni, hununuliwa kwa kikomo cha yeni 100,000 kwa mwaka. Marekebisho ya nyumba, kama vile vishikizo vya ukutani, kuondoa vizingiti na kubadili mlango kuwa wa kusukuma pembeni, hugharimiwa hadi yeni 200,000, nawe ukilipa sehemu yako ya asilimia. Hata hivyo, kibali kiombwe kabla fundi hajaanza, kwani ukianza kazi kwanza unaweza kuikosa fedha yote.

Huduma ya kulala siku chache, shoto sutei, ifikirie tangu mwanzo, si kwa ajili ya mzee bali kwa ajili yako. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba pale mtunzaji na mtunzwa wanapoishi pamoja, katika asilimia 63.5 ya nyumba hizo wote wawili wana miaka 65 na zaidi. Mume wa miaka 82 anayemwinua mkewe wa miaka 80 hawezi kuendelea bila kupumzika.

Usiache kazi

Zaidi ya watu 100,000 huacha kazi Japani kila mwaka kwa sababu ya kumuuguza mtu wa familia, na wengi wao hawarudi tena katika mshahara waliokuwa nao. Kabla ya kuchukua hatua hiyo, jua kwamba sheria inakupa likizo ya matunzo ya jumla ya siku 93 kwa kila mgonjwa, unayoweza kuigawa mara tatu, na katika kipindi hicho bima ya ajira hulipa asilimia 67 ya mshahara kwa aliyetimiza masharti. Wazazi wa mwenzi wako wamo katika hesabu hiyo. Zaidi ya hapo kuna siku tano kwa mwaka, au kumi ikiwa wagonjwa ni wawili au zaidi, za kushughulikia miadi na makaratasi, ambazo zinaweza kuchukuliwa kwa saa. Tangu Aprili 2025 mwajiri aliyeambiwa kuhusu hali yako analazimika kukueleza haki hizi. Siku 93 hazitoshi kumuuguza mtu, wala hazikuwekwa kwa lengo hilo. Zitumie kupanga mambo yote yaliyoelezwa hapo juu, kisha urudi kazini.

Wakati nyumbani hapatoshi tena

Makao ya umma yanayopendwa zaidi kwa sababu ya bei yake ni tokuyo. Tangu Aprili 2015 hupokea hasa walio yokaigo 3 na kuendelea, na mwaka 2022 waliokuwa wakisubiri katika madaraja hayo walikuwa takriban 253,000. Nafasi haitolewi kwa kufuata nani alitangulia, bali kwa uzito wa shida, hivyo ombi likishawasilishwa lazima lihuishwe kila hali inapobadilika: mtunzaji akiugua, mzee akianza kupotea, daraja likipanda. Omba katika makao kadhaa kwa pamoja. Kwa mzee mwenye kipato kidogo kuna punguzo la chakula na malazi linaloombwa manispaa. Kwa mwenye dimensia, yaani ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, ambaye bado anatembea na kupenda shughuli ndogondogo, makazi ya watu watano hadi tisa yanayoitwa gurupu homu humfaa zaidi, ila kwa kawaida hupokea wakazi wa manispaa hiyo tu. Makao ya kibinafsi hayana foleni ndefu, lakini huenda yakadai kiingilio kikubwa. Soma kifungu cha siku 90 za mwanzo, ambamo mkataba ukivunjwa kiingilio hurudishwa baada ya kukatwa gharama za siku alizokaa. Karibu makao yote yatataka mdhamini. Ni vyema mkubaliane mapema ni nani kati ya ndugu atakayetia muhuri.

Dimensia, benki na mlango uliofungwa

Mwaka 2022 wazee wenye dimensia nchini Japani walikadiriwa kuwa milioni 4.43. Tatizo linalozishtua familia si la kitabibu bali la kifedha: benki ikijua kwamba mteja haelewi tena anachofanya, inaweza kuzuia akaunti yake, na watoto hawatagusa fedha za kumlipia mama makao wakati fedha za mama mwenyewe zipo. Dawa yake ni kwenda kwa mthibitishaji wa umma mapema, mzee akiwa na akili timamu, na kuandika mkataba wa mlezi wa hiari, nini koken, unaomtaja mtu atakayesimamia mambo yake. Akishapoteza uwezo wa kuamua, inabaki mahakama ya familia, ambayo inaweza kumteua mwanasheria asiyejulikana na familia, anayelipwa kutoka katika mali ya mzee.

Watu wenye dimensia wanaoripotiwa polisi kuwa wamepotea wamezidi 18,000 kila mwaka hivi karibuni. Manispaa nyingi zina daftari la kuwaandikisha mapema wazee wanaoweza kupotea. Peleka picha ya karibuni. Kwa mzee anayeishi peke yake, uliza kuhusu chakula kinacholetwa nyumbani, kwani anayekileta humwona kila siku, na kuhusu wakusanya taka wanaofika mlangoni kwake, huduma ambayo manispaa nyingi hutoa na wachache wanaijua. Kampuni ya Zojirushi ilianzisha mwaka 2001 birika la umeme la kuijulisha familia jinsi mzee anavyolitumia. Mambo haya si madogo katika nchi ambayo mwaka 2024 polisi walihesabu watu 76,020 waliokufa majumbani mwao wakiishi peke yao, ambao 58,044 kati yao walikuwa na miaka 65 na zaidi.

Baada ya msiba

Taarifa ya kifo hupelekwa manispaa ndani ya siku saba, na kadi ya bima ya matunzo hurudishwa ndani ya siku 14. Asiyetaka kurithi, kwa mfano kwa sababu ya madeni, ana miezi mitatu ya kukataa mbele ya mahakama ya familia. Anayerithi nyumba lazima aisajili kwa jina lake ndani ya miaka mitatu, sheria iliyoanza Aprili 2024, na akipuuza anaweza kutozwa hadi yeni 100,000. Uchunguzi wa mwaka 2023 ulihesabu nyumba tupu milioni 9 nchini kote, kwa hiyo nyumba ya kijijini huenda isipate mnunuzi. Tangu Aprili 2023 inawezekana kuikabidhi serikali ardhi ya urithi kwa kulipa ada, lakini yenye jengo haipokelewi. Omba makadirio ya kubomoa kutoka kwa mafundi wawili au watatu, na uiulize manispaa kama ina ruzuku ya kazi hiyo kabla hujatia saini.